Ng'ombe Walirudi Saa Ngapi

Tulipomaliza kumzika Kogo Taprandich, sisi watatu, mimi na wadogo zangu wawili, hatukubaki chini ya hema na wageni wengine. Tuliingia jikoni kwake, pale tulipozoea, tukaketi kwenye viti vifupi huku mvua ya alasiri ikipiga mabati kwa nguvu hata ikabidi tuseme kwa sauti ya juu kama watu wanaogombana. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Tulimwita hivyo ingawa alikuwa jirani tu, na sisi ni Wakikuyu, wazao wa watu waliokuja Kericho kufanya biashara wakasahau kurudi. Mkwe wake alitumiminia chai, kisha akamgeukia ndugu yangu Njoroge, ambaye siku hizi anafundisha chuoni. "Mwalimu, hebu niambie. Nyinyi asili yenu ni Murang'a. Ilikuwaje ukaenda kusomea majina yetu?" Njoroge alipuliza chai yake. "Hiyo haikuwa yangu," akasema. "Lilikuwa swali la nyumbani, kwa kina sista." Watu waliokuwa mlangoni walinitazama, mimi niliyeacha shule darasa la nane, nikiwa nimeshika sufuria ya viazi, nami nikatabasamu kama mtu anayejua kinachosemwa. Sikujua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kukumbuka tuliuliza nini hasa. Ninachokumbuka ni mwaka mzima wa kutoelewa, na kwamba kila nilipodhani nimeelewa, mtu alinijibu jambo ambalo sikuwa nimeliuliza.

Mwaka huo tulikuwa tukiishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo pale Kapsoit. Harufu ya dawa ya kupe ilipenya kwenye mbao ikaingia hata ndani ya unga, kiasi kwamba mpaka leo nikipita karibu na duka kama lile naona njaa. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala, changu na Cherotich, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa darasa la nne. Cha pili kilikuwa jiko, na Njoroge alipofunga chuo kilikuwa chumba chake pia, kwa hiyo nilichemsha chai ya asubuhi nikiruka miguu yake. Wazazi hawakuwapo tena. Baba alitangulia, na mama alifariki asubuhi aliyozaliwa Cherotich. Mimi nilikuwa mkubwa, basi, mambo mengine hayakuhitaji kujadiliwa. Nilipata kazi ya kupika katika wodi ya akina mama ya zahanati iliyokuwa juu yetu, karibu na mashamba ya chai, na kazi yangu kubwa ilikuwa uji wa wimbi. Mama akishajifungua, anapelekewa uji wa moto kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa naingia wodini na kikombe wakati mtoto bado anafutwa, wakati nyanya na shangazi wanaanza kubishana juu ya jina.

Hapo ndipo nilipopata mchezo wangu. Wakipsigis huwapa watoto jina la wakati walipozaliwa. Wa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech, wa wakati wa mvua ni Kiprop au Cherop, wa saa ng'ombe wanapotoka kwenda malishoni ni Kipng'etich au Chepng'etich, na wa saa ng'ombe wanaporudi jioni ni Kiprotich au Cherotich. Kip ni wa kiume, Chep au Che ni wa kike. Nikiwa jikoni nakoroga uji nilisikia mtoto akilia ng'ambo ya ukuta, nikatazama nje jua liko wapi, nikakisia jina. Kisha nikaingia na kikombe na kuuliza, "Anaitwa nani mgeni wetu?" Nilipopatia nilifurahi siku nzima. Nesi wa zamu alinicheka. "Wairimu, wewe unangoja jina kama mtu anangoja matokeo ya mtihani." Sikumwambia sababu, maana sikuijua vizuri. Nilijua tu kwamba nilipokosea sikucheka. Nilikasirika, kama mtu aliyelaghaiwa sokoni.

Na mwaka huo nilianza kukosea mara kwa mara. Siku moja mtoto wa kiume alizaliwa saa nane mchana, jua kali, na nyanya yake mzaa baba akatangaza kwamba ni Kiprotich. Walizungumza Kikipsigis, ambacho sisi tulikijua tangu utotoni, na yale niliyosikia nikiwa nimeshika kikombe nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Kiprotich gani saa nane?" mama wa yule aliyejifungua akauliza.

"Ng'ombe wetu hurudi saa hizi."

"Ng'ombe wako? Wako ndani ya banda, wanaletewa nyasi kama wagonjwa. Hawajatoka tangu Krismasi!"

"Basi kama hawakutoka, si wako nyumbani? Na aliye nyumbani si amerudi?"

Wodi nzima ilicheka, na mama mwenyewe alicheka akishika tumbo kwa maumivu. Mimi nilirudi jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa tayari safi. Jioni hiyo niliporudi nyumbani nilimkuta Njoroge amefika kutoka chuoni, amelala chali juu ya magunia, viatu miguuni.

Nisichokisahau kwenye chakula cha usiku ule ni kwamba tulikula ugali na mursik, maziwa ya kibuyu aliyotuletea Kogo, na kwamba Njoroge hakumaliza. Mwalimu wake alikuwa amekataa mada yake ya utafiti kwa mara nyingine. Ya kwanza ilihusu utamaduni na maendeleo, ya pili ilihusu chai na uchumi, na zote mwalimu alizirudisha akisema ni maneno ya mtu ambaye hajali. Muhula ukifunguliwa kabla hajapata mada, atarudishwa mwaka. "Na mimi sirudii mwaka," Njoroge alisema. "Nikirudishwa naacha. Nitatafuta kazi huko Mulot, kuna watu wanahitaji mtu wa kupima ngano." Alisema kwa utulivu, na utulivu huo ndio ulionitia hofu. Nilikuwa nimeacha shule ili yeye asiache. Hatukuwahi kulisema jambo hilo kwa mdomo, lakini lilikuwa chumbani nasi kama kiti cha nne.

"Mwalimu anataka nini sasa?" nikauliza.

"Anasema niandike kitu kinachonisumbua."

"Andika juu ya kukoroma," Cherotich akasema. "Hicho kinatusumbua sisi."

"Nyamaza ule."

"Na wewe je, Wairi," Njoroge akanigeukia kwa mzaha, "wewe nini kinakusumbua?"

Nikamwambia juu ya Kiprotich wa saa nane. Nilimweleza ili acheke, nikaiga sauti za wale nyanya wawili. Cherotich alicheka mpaka akapaliwa. Njoroge aliacha kutafuna. "Rudia hapo pa ng'ombe wasiotoka," akasema. Nikarudia. Akaketi vizuri. Aliuliza kama wako wengine, nikamwambia wako, na kwamba nimekuwa nikikisia tangu nianze kazi, na siku hizi nakosea. "Hilo ni swali," akasema. Nikamwambia hapana, si swali, mimi nashangaa tu. Akasema tofauti ya kushangaa na kuuliza ni kwamba anayeuliza anajua aende kwa nani, na anajua jibu gani litamfanya abadilishe mawazo. Nilifikiri juu ya hayo nikiosha vyombo na sikuyaelewa. Mtu anayeuliza njia ya kwenda Londiani, anataka kubadilisha mawazo gani? Anataka kufika.

Nilidhani basi jambo limekwisha, kwamba amepata mada na atalala. Lakini asubuhi alikuwa ameamka kabla yangu, na alikuwa na huzuni. Alisema "maana ya majina ya Kipsigis" ni pana vilevile, na kila mtu anaijua. Akanibana. Ni nini hasa kinanikasirisha? Kwa nini nikikosea sicheki? Nilikuwa naharakisha kwenda kazini, moto unakataa kushika, na neno likanitoka: "Kwa sababu wanadanganya." Akauliza nani. Nikasema wao, wote, hao nyanya. "Nani, Wairi?" Sikumjibu, kwa sababu mtu niliyekuwa nikimfikiria alikuwa Kogo.

Hapa ni lazima nieleze, maana mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kujieleza. Cherotich alizaliwa asubuhi. Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kukumbuka. Nilisimama nje ya mlango nikiwa na beseni, na umande ulikuwa bado kwenye nyasi, na jua lilikuwa likiingia ndani kwa mshazari. Baadaye wanawake walipoanza kulia, mimi na Njoroge tulichukuliwa tukapelekwa nyumba nyingine, na tuliporudi jioni mtoto alikuwa amebebwa na Kogo kwenda kwake, kwenye maziwa. Alikaa huko mpaka alipoanza kutembea. Kogo ndiye aliyempa jina. Kwa desturi yetu msichana wa pili huitwa jina la nyanya mzaa mama, na shangazi yetu alipiga kelele sana kwamba jina la Nyambura limebaki bila mtu, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Mtoto wa asubuhi alipaswa kuwa Chepng'etich. Akaitwa Cherotich, wa jioni. Nami, bila kujua kwamba nafikiri hivyo, nilikuwa nimefikiri miaka yote kwamba Kogo alihesabu kuzaliwa kwake kuanzia jioni ile alipomfikisha kwake. Kwamba kwake yeye mtoto hakuzaliwa kwetu. Watu wa Kapsoit walikuwa wakisema "yule mtoto wa Kogo" bila ubaya wowote, na mimi kila mara nilihisi kitu kikinivuta nguo kutoka nyuma.

Njoroge hakujua kwamba nawaza hivyo. Alikwenda kuuliza watu. Jumamosi nilimsindikiza kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai, pale wakulima wanapokaa na vikapu wakingoja lori, maana ndipo mahali pekee ambapo watu wa Kapsoit wana muda na hawana pa kwenda. Njoroge alisimama mbele yao na kalamu kama karani wa sensa, akauliza kina Kiprotich na Cherotich wako wapi. Mikono ikainuka kila upande.

"Wewe mzee, ulizaliwa saa ngapi?"

"Sasa hiyo mimi nitajuaje? Nilikuwa mtoto!"

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akasema yeye alizaliwa hospitali kubwa ya mjini. "Na ng'ombe ya hospitali ilikuwa inarudi!" mwingine akadakia. Mama mmoja akasema kwake jina ni la babu, saa haihusiki. Mwingine akasema kwao ng'ombe ni lori la maziwa, likipita ni kama wamerudi, na hivyo ana Cherotich wa saa nne asubuhi. Mzee aliyekuwa ameegemea kikapu chake alimtazama Njoroge kutoka kofia mpaka viatu. "Wewe kijana ni mjukuu wa Njoroge ya duka ya zamani, si ndiyo? Babu yako alikuja hapa akachukua duka. Baba yako akachukua kona ya barabara. Wewe sasa unachukua majina. Utatuachia nini?" Alisema akicheka, na wote wakacheka, na Njoroge akacheka pia, lakini tulipokuwa tukirudi alitembea mbele yangu akizungusha kalamu. Kila jibu lilikuwa linavunja lile lililotangulia. Alikuwa amekwenda na swali moja akarudi na mfuko wa mabishano. "Kama kila mtu ana jibu lake," alisema, "basi hakuna swali." Nami nilikuwa na wazo la kinyume, kwamba pengine swali liko hapo hasa, ila sikuweza kulisema kwa njia ya kumsaidia mtu.

Tulipita kwa Kogo kumchukua Cherotich, ambaye Jumamosi alikuwa kule akisaidia kuosha vibuyu. Kogo alimsikiliza Njoroge mpaka mwisho, kisha akacheka kwa huruma. "Lakwet," akamwambia, yaani mtoto, "hiyo ya saa ni ya kuitia chakula. Iko ingine." Akatueleza juu ya kurenet. Mtoto akishazaliwa, wanawake hukaa naye na kutaja majina ya waliokufa wa ukoo huo, moja baada ya jingine, polepole, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilopigia chafya, huyo ndiye amerudi. Njoroge aliduwaa. Tulikuwa tumekulia pale na kucheza na watoto wa pale, na hakuna aliyekuwa ametuambia, kwa sababu hatukuwahi kuuliza. Mimi niliwaza kwamba kumbe na wao wanarudisha watu wao kama sisi. Mimi Wairimu ni nyanya yangu mzaa baba, sikuchaguliwa, nilikuta nafasi imeshaandaliwa. Wao wanamwachia mtoto achague kwa pua. Sikujua ipi ni bora, na kwa muda nilisahau kabisa shida ya Njoroge.

Ndipo Cherotich, akiwa na mikono myeusi kwa masizi, akauliza: "Kogo, na mimi nilipiga chafya kwa jina la nani?"

Kogo alikitikisa kibuyu kilichokuwa mkononi mwake, akachungulia ndani. "Ng'ombe bado haijakunywa maji," akasema. "Kimbia." Cherotich alikimbia. Lakini njiani kurudi nyumbani aliuliza tena, mimi sasa, na usiku aliuliza tena kitandani, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amefikiri. Alitaka kujua kama alitajiwa majina. Kama ni ya kwetu, nani aliyajua? Kama ni ya kina Kogo, basi yeye ni nani? Nilimwambia alale. Alikuwa ameuliza lile swali langu, kwa maneno machache kuliko mimi, na yeye hakuwa amekasirika. Alitaka kujua tu.

Siku zilizofuata Njoroge alinishawishi. Alikuwa ameona sasa. Alisema kisa cha Cherotich ndicho mlango: mtoto wa asubuhi mwenye jina la jioni. Tukimwuliza Kogo kwa nini, atatueleza jinsi mtu anavyochagua, na hapo atapata mada. Nilikataa. Akauliza naogopa nini. Nilisema Kogo ni mzee asisumbuliwe. Akasema Kogo anapenda kusumbuliwa. Nilisema hicho si kitu cha kupeleka chuoni. "Basi sina swali," akasema, akaanza kukunja nguo zake ingawa siku ya kusafiri ilikuwa bado. Niliona Mulot na magunia ya ngano, nikaona miaka yangu yote ya uji. Upande mwingine nilimwona Kogo akisema, ndiyo, mtoto alianza kuwa mtu jioni ile aliponifikia. Sikujua ni kipi kibaya zaidi. Nilipika, nikaenda kazini, nikakisia majina na kukosea.

Nilikwenda peke yangu, alasiri moja baada ya zamu. Kogo alikuwa ameketi nje ya jiko akichoma kijiti cha mti wa senetwet, ule wa kusafishia vibuyu, kisha akisugua makaa yake ndani ya kibuyu kwa ufito mrefu. Alinikaribisha, "Chamgei, Wairimu," nami nikaitikia, nikaketi, nikashindwa kuanza. Niliongea juu ya mvua ya mawe. Niliongea juu ya nesi. Mwishowe nikauliza vibaya kabisa, kama mtu anayedai: "Kogo, Cherotich alizaliwa asubuhi. Mbona ukasema jioni?"

"Nani alisema jioni?"

"Jina."

"Jina halisemi jioni. Jina inasema ng'ombe ilirudi." Aliweka kibuyu chini. "Siku hiyo nilikuwa nimepeleka ng'ombe kulamba chumvi, kule chini. Nikasikia kilio kwenu. Sasa nifanye nini? Siwezi kuacha ng'ombe peke yake. Na siwezi kukaa huko nikisikia kilio. Nikarudisha yote. Ilikataa! Ilikuwa haijalamba. Nilichapa, nikaita, nikalia, ikaja ikiangalia nyuma. Nilipofika kwa boma wakaniwekea mtoto kwa mikono, na ng'ombe inaingia." Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto mgumu wa kuelewa. "Ng'ombe ilirudi asubuhi. Si ilirudi?"

Nilikuwa nimekuja na hasira na sikuwa na mahali pa kuiweka. Nilijaribu kuiona njia ile, ng'ombe wakipanda mlima saa ya kushuka, na mwanamke mmoja akiwachapa na kulia. Miaka yote nilidhani jina lile linaficha asubuhi ile. Kumbe lilikuwa limeibeba, na mimi nimeliita kila siku nikimtuma dukani. Hata hivyo sikupata utulivu niliotegemea. Nilichanganyikiwa zaidi, kwa sababu sasa sikujua kama nilikuwa nimefurahi au nimeaibika au ninataka kulia kwa ajili ya ng'ombe ambao hawakulamba chumvi.

"Na chafya?" nikauliza.

Alikiinua tena kibuyu. Akasema ndiyo, jioni hiyo alimtajia majina, yeye na dada yake. Mtoto ni mtoto, hawezi kukaa bila mtu wa kurudi naye. Walianza na majina ya kwao, mama yake, shangazi zake, wote waliowajua, na mtoto alilala tu. Ya kwetu hakuyajua, watu wetu walikufa Murang'a. "Nilikuwa najua mmoja tu wa kwenu, mwanamke, aliyekufa." Hakulitaja jina la mama, nami sikumtajia. "Nikamwita huyo."

"Akapiga chafya?"

"Ilitoka kitu," Kogo akasema. "Lakini jikoni kulikuwa na moshi mwingi. Mpaka leo sijui kama ni chafya ama ni moshi."

Usiku huo niliwaambia wote wawili tukiwa tunakula, kwa sababu nilishindwa kuamua ni yupi nimwambie kwanza. Nilisema pia lile lililokuwa limenijia njiani, kwamba kina nyanya wa wodini hawakuwa wakidanganya. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake, au lori lake, au banda lake, na mtu mmoja katika nyumba ndiye anayesema sasa wamerudi. Ni nani huyo? Ni nani huamua kwamba ng'ombe wamerudi? Njoroge alinyoosha mkono bila kuniangalia akatafuta kalamu. Ndiyo mada aliyoipeleka chuoni, na mwalimu wake aliikubali muhula ulipofunguliwa, bila kisa chetu ndani yake, maana kisa chetu alikiacha nyumbani kama nilivyomwomba. Kuhusu Mulot hatukuzungumza tena.

Lakini Cherotich hakusikiliza habari za mada. "Moshi ulikuwepo hata walipokuwa wanataja yale majina mengine," alisema. "Mbona sikupiga chafya kwa hayo?"

Tulitazamana, mimi na Njoroge. Kesho yake, nikienda kazini, nilipita kwa Kogo nikamwuliza hilo, kama moshi ulikuwapo tangu jina la kwanza. Alisema yule mtoto atamaliza watu. Kisha akafumba macho, akaanza kuyataja upya kwa Kikipsigis, polepole, mkono ukiwa kama umeshika kichwa cha mtoto: mama yake, shangazi wa kwanza, shangazi wa pili, bibi mmoja aliyekufa kwa homa. Nilisimama nikishika ukingo wa mlango. Alipofika mahali pa mwisho aliacha, akafumbua macho.

"Hapo ndipo niliongeza kuni," akasema.

Nilipika uji siku hiyo bila kukisia jina la mtu. Basi ulikuwa moshi, nilijiambia. Kisha nikajiambia pengine kuni zilikuwa kavu, hazikutoa moshi. Jioni Cherotich alikuwa akinisubiri mezani, kitabu chake cha hesabu kikiwa kimefungwa, na sikuona njia ya kumficha. Nikamwambia: Kogo anasema alipofika kwa jina la mama aliongeza kuni.

Alifikiri. Njoroge naye aliacha kufunga begi lake.

"Kwa nini aongeze kuni kwa hilo?" Cherotich akauliza. "Kwa nini si kwa mengine?"

Njoroge akasema hilo sasa tunaweza kumwuliza. Nikasema hapana, hilo tusimwulize, na mara hii hakubishana nami.

"Hata hakuna haja," Cherotich akasema. "Mimi najua kwa nini." Akavuta bakuli la mboga upande wake. Tulimngoja aseme. Alikula.